Filimbi Iliyolia Kabla ya Wakati

Nikiulizwa harusini nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu, hujibu kwamba nilikuwa nikiuliza watu maswali kuhusu mpira. Wanacheka. Wanadhani nawaeleza uvivu wangu. Sasa ninyi vijana mliosoma, mnaotaka kuandika habari za zamani, mnaonijia na simu zinazonasa sauti bila uzito wowote, kaeni niwaambie. Ile ilikuwa kazi, tena ya jasho. Kwa miaka mingi nilikuwa msaidizi wa wanahistoria. Walikuja kutoka Nairobi, wakaja kutoka ng'ambo, wakitaka kujua jinsi mpira na siasa vilivyooana huku kwetu wakati nchi inapata uhuru, na kila aliyefika Kwale aliambiwa amtafute Bakari. Nimekwenda kutoka Matuga hadi Vanga kwa miguu mara nyingi, hata kokoto za njia ile zikanijua kwa jina. Mashine ya kwanza niliyoibeba, tuliyoiita tepu, ilikuwa na uzito wa ndama, na ndama angalau hutembea mwenyewe.

Elimu yangu ni ya ngumbaru. Mchana nilipakia mifuko ya kopra, jioni nikaketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, nikisoma pamoja na watu walionizidi umri na walionizidi usingizi. Nilipopata cheti nilikitia fremu, nikakitundika mahali ambapo hata mbuzi wa jirani angekiona. Hicho cheti nakitaja kwa sababu kiburi chake ndicho kilichotaka kumharibia mtu mwema jina lake mpaka mwisho wa dunia. Nitafika hapo. Kwanza niwafunze kidogo.

Mahojiano yangu ya kwanza kabisa yalikuwa Tiwi, na golikipa wa zamani aliyekuwa na vidole vitatu vilivyopinda kila kimoja upande wake. Alizungumza mpaka koo likakauka. Tulipofungua tepu kusikiliza, tukasikia jogoo tu. Nilikuwa nimeelekeza kinasa sauti upande wa banda la kuku. Tangu siku ile nikajiwekea kanuni zangu. Jaribu mashine kwa kumwomba mzee ataje majina ya watoto wake, maana hapo hawezi kukosea wala kuona haya. Betri ziweke mfuko wa shati zipate joto la mwili. Usiketi upande wa sikio bovu. Na mwenye nyumba akileta kahawa, zima, kunywa, washa tena, kwa sababu hakuna mwanahistoria duniani aliyeweza kunakili maneno ya mtu anayepuliza kikombe.

Daktari aliyenifunza kazi hii aliitwa Mutinda, Mkamba mrefu mwembamba, mdogo kuliko mimi kwa umri lakini kwa elimu angeweza kunizaa mara tatu. Alikuja miaka michache baada ya uhuru, wakati ule ambapo kila kitu kilikuwa kinaandikwa upya, hata mabango ya barabara. Siku ya kwanza alinieleza ugomvi wa wanahistoria, nami nikasikiliza mdomo wazi. Wako waliosema kwamba mpira uliletwa na wakoloni ili vijana wachoke miguu wasipate nguvu ya kudai nchi. Wako waliosema sivyo, vijana waliuchukua mpira uleule wakaufanya chombo chao, kwa sababu mkutano wa siasa ulihitaji kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mechi haikuhitaji, na umati ukishakusanyika kutazama mpira, nani atawazuia watu wasizungumze wakati wa mapumziko? Tena wako wa tatu, walioketi maktaba, wakasema michezo ni michezo tu, msomi wa maana aandike habari za mikataba na mawaziri.

Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema yuko upande wa kuwauliza waliocheza.

Tulianza kwa mafaili. Tulipanda Kwale mjini, kwenye ofisi za serikali kule juu kilimani, tukala vumbi la kutosha kujengea nyumba. Bwana Shauri wa kizungu alikuwa ameandika barua juu ya barua akilalamika kwamba klabu fulani ya mpira ina wanachama wengi kuliko watu wa kijiji chake, na mpira mmoja, nao umetoboka. Mimi nilicheka. Daktari hakucheka, alinakili. Alinionyesha kwamba faili hukuambia serikali iliogopa nini, lakini halikuambii watu walitaka nini. Magazeti nayo tuliyasoma. Yalieleza kombe lilikabidhiwa na nani na alivaa suti ya rangi gani. Aliyefunga bao hakutajwa. Ndipo tukateremka kwenda kwa watu.

Na kwa watu, vijana, swali ni kazi ya fundi. Ukimwuliza mtu wa huku kwetu kama siasa iliingia mpirani, atakujibu ndiyo, kwa sababu umetoka mbali na si heshima kukurudisha mikono mitupu. Mwulize kama siasa haikuingia, atakujibu ndiyo vilevile. Wewe uliza jezi zilitoka kwa nani. Uliza lori lilikuwa la nani, na lilipojaa aliteremshwa nani. Uliza siku ya mechi waliokaa kwenye viti ni kina nani, na nani alisimama akakasirika. Siasa ya kijiji chochote iko kwenye viti. Hilo nimeligundua mimi, Daktari akaliandika, na sasa mnafundishwa vyuoni.

Sasa habari ya filimbi.

Mwaka ule kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, watu wa pwani waligawanyika. Wengine walitaka majimbo, kila sehemu ijitawale, wengine walitaka serikali moja, na mgawanyiko ule uliingia hadi kwenye sufuria. Radi, timu ya Diani, ilikuwa na urafiki na mwanasiasa mmoja wa majimbo, ambaye mimi nitamwita Mheshimiwa tu. Kozi ya Msambweni ilikuwa timu ya watu wa serikali moja. Mheshimiwa akatoa kombe, na fainali ikachezwa Msambweni kati ya timu hizo mbili. Radi wakatangulia mabao mawili kwa moja. Kozi wakaja juu, wakawabana Radi langoni kwao hata majani yakalala, watu wote wamesimama. Pale pale Mheshimiwa akainua mkono kutoka kitini, na pale pale filimbi ikalia. Mpira umekwisha, dakika kama kumi kabla ya wakati wake.

Viti viliruka siku ile. Wazee wanaapa kwamba kimoja kilipatikana Shimoni.

Refa alikuwa Mzee Masudi, fundi cherehani wa hapohapo Msambweni, mshonaji wa kanzu ambaye mshono wake ulikuwa hauonekani hata ukiutafuta kwa tochi. Tangu siku ile hakupewa filimbi tena. Watu wa Kozi walimbandika jina, Mkono wa Mheshimiwa, na kanzu zao wakapeleka Mombasa kushonwa. Mwanasiasa aliinua mkono, refa akatii. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa, na ilikuwa hadithi tamu.

Daktari Mutinda aliposikia habari ile macho yalimwaka. Alikuwa akitafuta tukio moja tu la kuonyesha ulimwengu jinsi siasa ilivyoushika mpira mkono, na hapa palikuwa na mkono wenyewe, mzima, umeinuliwa mbele ya umati. Tukaenda Msambweni. Mimi, mtu wa adabu, nikafanya kama nilivyolelewa, nikampeleka mgeni kwanza kwa mkubwa wa mahali. Huyo alikuwa Mwenyekiti Kassimu wa Kozi, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akatukaribisha kwa kahawa na halua, akatusimulia, kisha akasema tusihangaike, atatuletea wanaojua. Wakaja wanaojua mmoja mmoja, siku tatu mfululizo. Wote walisema mkono uliinuka, filimbi ikalia. Wote walitua pumzi mahali pamoja, hata mimi nikawa naweza kumalizia sentensi zao.

Angalieni kosa langu la kwanza. Tulikuwa na tepu nyingi na mdomo mmoja.

Siku ya nne tukaenda kwa Mzee Masudi mwenyewe. Alikuwa barazani na cherehani yake, mtu mdogo, mkavu, msafi. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mashine akauliza kama kweli itahifadhi maneno yake. Nikamwambia itayahifadhi mpaka Kiyama. Basi akaanza kuzungumza kwa Kidigo, mbiombio, akicheka, akipiga goti, akionyesha kwa mikono, upande mzima wa tepu. Daktari Kiswahili alikijua vizuri, lakini Kidigo cha mbio kile kilimpita kama upepo. Ikawa kazi yangu kumtafsiria.

Mzee alipomaliza, Daktari akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema mpira ulichelewa kidogo kuanza."

"Maneno yote yale, Bwana Bakari?"

"Kidigo ni lugha ndefu, Daktari."

Akaandika. Mungu anisamehe, aliandika.

Kwa nini nilifanya vile? Kwa sababu niliyoyasikia yalinitia haya. Mzee alikuwa ameeleza habari za kafara na udongo wa getini na wachezaji waliokataa kupita, nami nilikuwa mtu mwenye cheti ukutani. Nikajiona niko Nairobi, wanafunzi wa Daktari wanasoma kitabu na kuangua kicheko, wakisema watazameni wapwani hao, hata mpira wanauchezea kwa mganga. Watu wa bara walikuwa wametutania kwa jambo hilo tangu reli ilipojengwa. Nikasema, hili halitatoka kinywani mwangu. Nikadhani naitunza heshima ya Udigo mzima, kumbe naitunza fremu yangu.

Daktari akaanza kuandika makala yake. Kichwa cha habari alikwisha kukichagua, na ndani yake mlikuwamo mkono, filimbi na jina la Masudi. Mkijua kazi hii mtaelewa maana yake. Maneno ya barazani hupoa, lakini jina likishachapwa likakaa maktaba, wajukuu wa mtu watalikuta huko, na watoto wa wajukuu wao.

Aliyetuokoa alikuwa Bi Mwanakombo, mkaanga mihogo. Mwenyekiti hakumleta, maana hakumhesabu miongoni mwa wanaojua. Mimi ndiye niliyesimama kwake kwa njaa, Daktari akiwa nyuma yangu. Bibi akauliza tunaandika nini, nikamwambia, akatikisa kichwa akigeuza mihogo. Alisema siku ya mechi ile hataisahau, kwa kuwa mihogo yake yote ilikwisha kabla mpira haujaanza. Siku nyingine zote ilikuwa ikimtosha mpaka mapumziko, na iliyosalia akala na wanawe. Siku ile watu walingoja, wakatafuna, wakangoja tena, mpaka sinia likabaki chumvi.

Kumbukeni hili mkienda kuuliza. Refa atawaambia mechi ilianza kwa wakati, mwenyekiti ataapa, gazeti litachapa. Mwulizeni muuza mihogo.

Daktari alisimama kama aliyepigwa na umeme. Akauliza walingoja nini. Bi Mwanakombo akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, "Mwulize huyu mwanangu. Si wa hapahapa? Anajua."

Nikasema mihogo ni mitamu sana.

Hakunigombeza. Alirudi tulikofikia, akaweka tepu ya Mzee Masudi mezani, akaiwasha, akatoa saa yake mkononi akaiweka kando ya mashine apime urefu wa maneno yale. Alisikiliza bila kuelewa, uso umekunjamana, na kila aliposikia neno linalofanana na Kiswahili aliliandika. Akanionyesha karatasi. Palikuwa na kafara. Palikuwa na Maghrib. Palikuwa na Swalehe, mara nne. Na palikuwa na bendera.

"Bwana Bakari," akasema polepole, "mpira uliochelewa kidogo unahitaji bendera ya nini?"

Nikamweleza yote, jasho likinitiririka kama nimetoka kisimani.

Mzee Masudi alisema hivi. Asubuhi ya mechi alikwenda uwanjani kutengeneza mistari, akawakuta vijana wa chama wanachimba mashimo mawili getini, moja kushoto moja kulia, ya kusimamisha milingoti ya bendera za kumpokea Mheshimiwa. Baadaye ikaja amri kwamba bendera zisimame karibu na viti, apate kuonekana ameketi chini yake. Vijana wakafukia mashimo wakaenda zao. Alasiri Kozi wanafika, wanaona getini udongo mbichi, mafungu mawili. Ikawa basi. Mchezaji mmoja akasema Radi wamezika kitu. Wa pili akasema ameona unyoya. Wa tatu akaanza kuumwa na goti papo hapo. Wote wakakataa kupita. Mzee Masudi akatoka kuwaeleza ni mashimo ya bendera tu, akawaonyesha na bendera zenyewe. Nahodha wao, Swalehe, alimwamini, wenzake hawakumwamini. Wakazunguka nyuma ya goli la mbali wakapanda ua wa makuti mmoja mmoja, na golikipa wao, aliyekuwa na mwili wa mlango wa ghala, alikwama juu mpaka watu wanne wakamsukuma, akaanguka ndani pamoja na nusu ya ua. Karibu saa nzima ilikwenda hapo.

Ndipo Swalehe na nahodha wa Radi wakamwendea refa, wakakubaliana wote watatu kwamba Maghrib ikikaribia atapiga filimbi, iwe iwavyo, kwa maana wachezaji na watazamaji walikuwa na swala. Mheshimiwa alipoinua mkono alikuwa akitazama saa yake. Mzee Masudi naye alikuwa akitazama jua. Wote wawili walihofia jambo moja, Maghrib kuwakuta uwanjani.

Daktari aliinuka, kiti kikaanguka, chai ikamwagika juu ya karatasi zake, wala hakujali. Alizunguka chumba akicheka. Alisema alikuwa anaitafuta siasa mkononi mwa Mheshimiwa, kumbe ilikuwa imekaa kwenye mashimo mawili getini, na hakuna aliyeituma. Chama kilitaka kupamba mechi, na kwa kuipamba kikaivuruga. Alisema wasomi wanabishana kama siasa iliuamuru mpira au haikuuamuru, na hapa pana jambo la tatu ambalo hakuna aliyelifikiria, kwamba siasa ilipita uwanjani kama mtu mnene jikoni, inaangusha vyombo bila kujua. Nilianza kucheka naye. Alipoona nacheka, akaacha.

"Kesho utakwenda kwa Mzee Masudi," akasema. "Peke yako. Bila tepu."

Nimebeba mizigo mingi maishani, lakini ile safari ya mikono mitupu ndiyo nzito kuliko zote. Mzee alikuwa akishona kola. Nikamweleza nilichofanya. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Kwani hukumwambia?"

Nikasema sikumwambia.

Hakupaza sauti. Alisema mwanzoni alikuwa akimweleza kila mtu, lakini watu waliupenda mkono kuliko mashimo, na nahodha wa Radi alikuwa amehamia Tanga, na Swalehe alinyamaza, basi akachoka. Alipotuona tumekuja alifurahi. "Nikasema huyu mgeni ana mashine, na mashine haina chama," akasema. "Kumbe mashine ina wewe."

Hayo maneno sikuyatundika ukutani, lakini nimekaa nayo kuliko cheti.

Alibaki Swalehe. Ndiye peke yake aliyeweza kusema kwamba filimbi ile ilikuwa ya makubaliano, kwa sababu bila yeye ni kauli ya refa anayejitetea. Na Swalehe sasa alikuwa Maalim Swalehe, mwalimu wa madrasa, aliyekuwa akiwakemea watu juu ya hirizi na makafara kila alipopata nafasi. Nilimkuta akiwaandikia watoto ubao. Nilipomweleza aliniacha nimesimama mpaka akamaliza mstari. Akasema hayo ni mambo ya ujinga wao wa ujana, na mtu mzima hachimbui mashimo yaliyofukiwa. Nikamwambia Daktari ataisoma makala mbele ya watu kabla ya kuichapa, darasani kwenye shule ya msingi, baada ya swala ya alasiri, na jina lake halitasomwa ila akiridhia. Akasema, "Basi lisisomwe." Akarudi ubaoni.

Hiyo ilikuwa desturi ya Daktari Mutinda, na ninyi ishikeni. Hakuchapa habari ya mtu kabla hajamsomea. Wenzake walimwambia anapoteza muda. Yeye alisema afadhali akosolewe na wenye habari kuliko asifiwe na wasiojua.

Siku ile darasa lilijaa hata madirishani. Nilidhani Msambweni nzima imehamia mle, pamoja na waliokuwa wamekufa. Mwenyekiti Kassimu aliketi mbele na watu wake wote wanaojua. Mzee Masudi aliketi pembeni katika kanzu aliyoishona mwenyewe. Daktari alinipa mimi nisome Kiswahili na kufafanua kwa Kidigo, akanitazama kwa namna ambayo sikuhitaji tafsiri. Maalim Swalehe hakuwapo. Niliposoma habari za jezi na lori watu walishangilia, maana kila mmoja alimtambua aliyeteremshwa. Nilipofika kwenye viti wakacheka mpaka madawati yakalia. Hapo mlango ukafunguka, Maalim akaingia, akakaa pale pale karibu na mlango.

Nikasoma habari za mashimo. Sikuruka kitu. Udongo mbichi niliusoma, unyoya niliusoma, ua wa makuti na golikipa aliyekwama niliwasoma, na haya ilinishika masikio yote mawili lakini sikusimama. Nilitarajia kicheko. Waliokuwa madirishani wakasogeza vichwa ndani wapate kusikia.

Mwenyekiti Kassimu akainuka. Alisema makala ni nzuri, mgeni amefanya kazi, lakini hayo ya makubaliano kayasema nani? Refa mwenyewe. "Mwizi wa kuku naye ukimwuliza," akasema, "atakwambia alikuwa akipita tu, kuku ndiye aliyemfuata." Watu wake wakacheka. Mzee Masudi alitazama sakafu. Mimi nilishika karatasi nikijua kwamba jina ambalo lingejibu sikuwa na ruhusa ya kulisoma.

"Kasema kweli."

Ilikuwa sauti ya Maalim Swalehe. Alikuwa amesimama, koti lake amelishika kifuani kwa mkono mmoja.

"Mimi ndiye niliyemwambia apige kabla ya Maghrib. Mimi na nahodha wa Radi. Tulichelewa kwa sababu ya woga wetu, kisha tukashindwa, kisha mimi nikaona vyepesi mkono wa Mheshimiwa ubebe lawama." Akageuka upande wa pembeni. "Ukabeba wewe, Mzee Masudi. Mimi nawafundisha watoto wasiogope udongo, na wewe nimekuacha miaka yote hii. Nisamehe."

Akapita katikati ya madawati mpaka kwa mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu. Mzee Masudi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Sikumbuki kama alisema amesamehe. Nakumbuka alisogea kidogo kwenye benchi, na Maalim akaketi hapo kando yake.

Mwenyekiti Kassimu alikuwa bado amesimama. Kifua kile chote hakikujua kielekee wapi. Alikohoa, akawatazama wanaojua wake, nao wakatazama madirisha. Kisha akasema kwa Kidigo, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, "Refa. Jumamosi tunacheza na watu wa Vanga, na hatuna wa kupiga filimbi. Lakini ukitukata dakika tena, safari hii hatutauliza ni mkono wa nani."

Mzee Masudi aliinua uso.

"Basi fikeni mapema," akasema, "na mpite getini kama watu."

Darasa lilipasuka. Watu walipiga madawati, Bi Mwanakombo alikaa chini akilia kwa kicheko, Maalim alijifunika uso kwa koti lake, na Daktari Mutinda akanivuta mkono wa shati, kalamu tayari, akitaka kujua mzee amesema nini. Nikamwambia.